Fomu ya Kujiondoa

Katibu alimwona bintiye kabla bintiye hajamwona. Foleni ya dirisha namba tatu ilikuwa imejikunja kuzunguka nguzo ya katikati ya ukumbi, na msichana alikuwa upande wa pili wa nguzo, ameikumbatia bahasha ya kaki kifuani, akisoma tangazo la ukutani ambalo bila shaka alishalisoma mara tano. Asubuhi ile, wakinywa chai, Katibu, mama mtu, alikuwa ameaga kwamba anakwenda kumjulia hali mwenzake wa zamani wa kazini. Binti alikuwa amesema anakwenda maktaba. Wakatakiana siku njema, mmoja akashika barabara ya juu, mwingine ya chini, na sasa wako hapa wote wawili, ndani ya Kituo cha Ajira na Mafunzo, kwenye foleni moja.

Katibu halikuwa jina lake. Kilikuwa cheo alichokishika miaka ishirini na tatu katika kampuni ya kusafirisha mizigo, mpaka mtaa ukasahau kwamba ana jina jingine. Biashara zilipodorora na kampuni ikapunguza watu, meza yake walipewa wengine, lakini jina alirudi nalo nyumbani. Bintiye naye mtaa ulimbatiza Profesa siku alipoingia chuo kikuu kusomea kemia. Mwaka wa tatu ada ikashindikana, akarudi na sanduku lake, jina halikumwacha. "Profesa, umeamkaje?" akina mama wa gengeni walimsalimu kila asubuhi, bila ubaya wowote, na kule kukosa ubaya ndiko kulikomuuma.

Katibu alikuwa anatafuta njia ya kuponyoka pale dirisha lilipoita.

"Namba mia na kumi na mbili! Na mia na thelathini na nne! Nawaomba pamoja!"

Watu wawili wakatoka kwenye foleni, mmoja upande huu wa nguzo, mmoja upande ule, wakakutana dirishani.

"Mama?"

"Naam, mwanangu."

"Si ulisema unakwenda kwa mwenzako?"

"Na hii ndiyo maktaba?"

Dada wa dirishani alikuwa na karatasi zao mbili mbele yake, ameziweka sambamba. "Samahani, nyinyi mnaishi nyumba moja?"

"Ni mama yangu."

"Ni mwanangu."

Walijibu kwa pamoja. Dada akatabasamu, kisha akasoma tena karatasi, tabasamu likamwisha. "Hongereni. Wote wawili mmechaguliwa. Ufundi wa miwani, miezi tisa, posho juu, na mazoezi ya kazi hospitali ya macho. Waombaji walikuwa mia mbili na kitu, nafasi ishirini tu." Akaziweka karatasi chini. "Sasa, mpango huu ni kaya moja, nafasi moja. Si mimi niliyepanga, ni mwongozo. Mmoja wenu itabidi ajaze fomu ya kujiondoa, niipate kabla ya Ijumaa saa kumi jioni. Isipofika, mfumo unafuta wote wawili."

"Mfumo ndio nani?" Katibu aliuliza.

"Kompyuta, mama."

Fomu ikapenyezwa chini ya kioo. Ilikuwa ukurasa mmoja, mistari sita, nafasi moja ya kutia saini. Nyuma yao mzee mmoja aliyevaa koti la suti lililochakaa mabegani, ambaye alikuwa amesikia kila kitu kama walivyosikia wengine wote, akapaza sauti. "Mama, hapo kuna la kufikiri kweli? Mwachie mtoto! Sisi tumeshakula chumvi yetu!"

Foleni ikacheka. Ilikuwa imesimama tangu saa moja na ilihitaji kucheka. Katibu naye akacheka, maana pale asiyecheka ndiye angetazamwa. Profesa hakucheka. Alikuwa anamtazama mama yake, anasubiri sentensi ambayo ukumbi mzima ulikuwa unaisubiri. Katibu akaikunja fomu mara mbili, akailaza ndani ya mkoba, akafunga zipu.

"Ahsante, dada," akasema. "Tumekuelewa."

Walirudi nyumbani bega kwa bega bila kugusana. Walizungumza habari ya jua, na habari ya bomba la maji lililopasuka kwenye kona, ambalo kwa kweli lilikuwa limepasuka tangu wiki iliyopita.

Walipanga vyumba viwili vilivyotenganishwa kwa pazia. Profesa alisubiri mpaka vyombo vya mchana vikaoshwa.

"Mama, ile fomu."

"Iko kabatini."

"Nilitaka kujua tunafanyaje."

Katibu alikuwa anafuta sinia ambalo lilishakauka. "Kwa nini hukuniambia umeomba?"

"Nilitaka nikipata nikushtukize. Na wewe?"

"Mimi nilitaka nikikosa, nikose peke yangu."

Profesa akakaa kwenye ukingo wa kitanda. Alikuwa amejiandaa kukataa kidogo. Mama angesema, "Nenda wewe, mwanangu," naye angesema, "Hapana Mama, nenda wewe," mara moja, labda mara mbili, ili isionekane ameidaka, halafu angekubali. Hotuba yake fupi alikuwa ameipanga njiani. Mama akaliweka sinia juu ya kabati.

"Naitaka," akasema.

"Unataka nini?"

"Hiyo nafasi. Naitaka mimi."

Nje jirani alikuwa anamwita mwanawe akaoge. Profesa alisikiliza wito ule mpaka ukaisha, kama vile ndani yake mlikuwa na jibu. "Haya," akasema, akavuta pazia.

Ukweli ni kwamba Katibu mwenyewe alishtushwa na sauti yake. Miezi miwili nyuma alikwenda kwenye siku ya maonyesho pale kituoni kwa sababu tu mlango ulikuwa wazi. Mkufunzi wa miwani, mwanamume mfupi mwenye aproni, alikuwa anawapa watu lenzi waishike kwenye jiwe la kusagia linalozunguka. Wengi waliikwaruza. Mmoja aliirusha hadi dirishani. Katibu aliposhika yake, ilisagika ukingo mzima bila kuruka, na mkufunzi akazima mashine akaitazama lenzi, kisha akatazama vidole vyake. "Mkono huu ulikuwa unafanya kazi gani?" "Kuchapa." "Umetulia," mkufunzi akasema. "Mikono ya hivi siipati kila siku." Alirudi nyumbani na maneno hayo kama mtu aliyebeba yai kiganjani. Tangu apunguzwe kazi alikuwa ameambiwa pole na kila aliyekutana naye, na mbali na hiyo pole hakuna aliyemwambia lolote kuhusu yeye.

Profesa kwa upande wake alikuwa ameweka alama kwenye kozi tisa, na miwani ilikuwa ya sita. Hakuwa na mapenzi nayo. Alichokitaka ni geti la kuingia asubuhi na la kutokea jioni, na mtu wa kumwuliza kesho yake kwa nini amechelewa. Alikuwa na miaka ishirini na mbili na siku zake zilikuwa hazina umbo. Angeweza kuyasema haya kwa mama yake. Mama yake angeyaelewa kuliko mtu yeyote duniani, na ndiyo maana hakuweza.

Alhamisi akaja shangazi. Profesa ndiye aliyemweleza kwa simu, akajuta alipokata, lakini shangazi hakuwa mtu wa kuitwa nusu.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Hebu tupishe kidogo, niongee na mama yako."

Kupisha katika nyumba ile maana yake ni kwenda nyuma ya pazia. Profesa akaenda, akakaa, akasikia kila neno.

"Wifi, nimeambiwa jambo nikasema hapana, wifi yangu simjui hivyo."

"Umeambiwa kweli."

"Unagombea nafasi na mtoto uliyemzaa?"

"Sigombei. Niliomba, nikapata."

"Na yeye amepata! Wewe una miaka mingapi? Arobaini na tisa. Utasoma, utamaliza, utafanya kazi miaka mingapi kabla hawajakustaafisha? Yule ana maisha yote mbele yake. Marehemu kaka yangu angekuwepo leo angekuwa ameshaitia saini hiyo fomu kwa niaba yako."

"Marehemu angeniuliza kwanza."

"Watu wanaongea, wifi. Wanasema umemwibia mtoto."

Profesa aliona kivuli cha mama yake kwenye pazia, ameinamisha kichwa kama alivyokuwa akiinamisha juu ya mashine ya kuchapa.

"Wifi," Katibu akasema taratibu, "nimechapa barua za kupandisha watu vyeo miaka ishirini na tatu. Nimechapa za wasichana niliowafundisha mimi kupanga mafaili. Nimechapa barua za watu kwenda kusoma, na nikawasahihishia makosa ili wasionekane wajinga huko waendako. Siku ya mwisho nilichapa barua ya kuniachisha kazi mimi mwenyewe, kwa sababu bosi alisema hakuna mwingine anayejua kuipanga vizuri. Niliipanga vizuri. Sikukosea hata nukta. Sasa kimekuja kitu kimoja chenye jina langu, na nakitaka. Kama huo ndio wizi, basi nimeiba."

"Na mtoto?"

"Mtoto nampenda."

"Ungempenda ungemwachia."

"Pengine," akasema Katibu. Shangazi akainuka. Aliondoka bila kugusa chai. Jioni ile fomu ilitoka kabatini ikawekwa mezani, ikiwa bado tupu, na kalamu juu yake. Hakuna aliyesema nani kaiweka, ingawa katika nyumba hiyo walibaki watu wawili tu.

Ijumaa saa saba Profesa aliichukua na kwenda kituoni kuomba ahurumiwe. Hakwenda dirishani. Alikwenda kwa mshauri wa ajira, kijana mwenye shingo ndefu aliyekaa kwenye chumba kidogo kilichojaa vijitabu.

"Hakuna namna, dada yangu," mshauri akasema baada ya kumsikiliza. "Nimeshapeleka maombi ya hivyo mara tatu, yamerudi. Ila zipo nyenzo nyingine." Akaanza kupanga vijitabu mezani. "Hiki ni cha kuandika barua ya maombi. Hiki cha wasifu wa kazi."

"Ninavyo."

"Hiki, 'Jiandae kwa Usaili'?"

"Ninavyo viwili."

Mshauri akavirudisha alipovitoa. "Nikwambie ukweli? Mkataba wangu unaisha mwezi ujao. Na mimi ninavyo vyote." Wakacheka kidogo, kicheko kilichoisha upesi. "Mzunguko wa pili wa mafunzo utakuwepo. Lini, sijui. Kwa mtu wa alama zako, jaribu tena."

"Alama zangu zikoje?"

"Hujaona? Zipo ubaoni pale nje, tangu Jumatatu."

Orodha ilikuwa kwenye ubao wa matangazo kando ya mlango wa kuingilia, namba tu bila majina, zimepangwa kwa alama za jaribio la mikono na la hesabu. Profesa alianza kutafuta kutoka juu, kwa mazoea ya mtu aliyezoea kuwa juu. Ya pili ilikuwa mia na kumi na mbili, namba ya mama yake. Aliendelea kushuka kwa kidole. Mia na thelathini na nne, namba yake, ilikuwa ya kumi na tisa, kati ya ishirini.

Jumatatu. Wao waliitwa dirishani Jumanne. Na mama yake alikuwa mtu asiyeweza kupita karatasi iliyobandikwa ukutani bila kuisoma mpaka mstari wa chini, hata tangazo la paka aliyepotea. Pale dirishani karatasi zao mbili zilikuwa zimelala sambamba, namba zikiwa juu. Kwa hiyo alijua. Yule mzee wa koti alipochekesha watu, alijua. Shangazi alipotamka neno wizi, alijua. Neno moja tu lingemnyamazisha shangazi, na hakulitamka, kwa sababu lingepenya pazia.

Hasira ndiyo iliyotangulia. Angesema, Profesa aliwaza. Angesema tu, ningemchukia vizuri. Alisimama mbele ya ubao huku watu wakimpita, wakimwomba radhi, wakisoma juu ya bega lake. Halafu akarudi kwa mshauri akaomba kalamu. Ilikuwa imefungwa kwa uzi kwenye mguu wa meza na uzi ulikuwa mfupi, ikabidi ainame ili atie saini.

Saa kumi kasoro dakika ishirini fomu ilipita chini ya kioo cha dirisha namba tatu. Dada akaisoma, akatazama jina, akapiga muhuri.

"Pole," akasema.

"Usiniambie pole," Profesa akamjibu.

Nyumbani Katibu alikuwa ameketi kwenye kiti kilichotazama mlango.

"Nimerudisha fomu."

"Ya nani?"

"Yangu."

Katibu akasimama, akaenda jikoni, akawasha jiko. Hakukuwa na kitu cha kubandika. Alisimama akiutazama moto wa bure, mgongo ukiwa upande wa bintiye.

"Umekula?" akauliza hatimaye.

"Sina njaa."

Baada ya wiki tatu Profesa alipata kazi ya zamu kwenye kiwanda cha sabuni, kupanga miche ndani ya maboksi. Kilikuwa mwendo wa saa mbili, na wafanyakazi walilala wanne wanne katika vyumba nyuma ya kiwanda. Mwezi wa kwanza alikuja nyumbani Jumapili mbili. Mwezi wa pili alikuja moja, akaondoka kabla ya chakula. Baada ya hapo alikuwa akipiga simu. Hujambo, sijambo, masomo, mazuri, kazi, inaendelea, haya Mama. Ugomvi ungekuwa na maneno mengi zaidi.

Darasani wenzake Katibu walimwita Mama Mkubwa. Walinakili madaftari yake, walimpelekea lenzi zilizowashinda, walimsimulia wachumba wao. Mapumziko walitawanyika wawili wawili na simu zao, yeye akabaki kwenye benchi la zege na chupa yake ya chai. Alikuwa hodari, na mkufunzi alisema hivyo mbele ya watu, na furaha aliyokuwa akiipata ilikuwa ya kweli kabisa. Hakujidanganya kuhusu hilo. Alipanda kilima cha nyumbani kila jioni akiwa na habari ya kusimulia, akafungua kufuli, akasema "nimerudi" kabla hajakumbuka. Akala. Akajisomea kwa sauti, akajiuliza maswali, akajijibu. Pazia alilivuta wazi siku zote, kisha likawa linamsumbua likiwa wazi, akalifunga.

Mwezi wa saba wa mafunzo ukafika mtihani wa vitendo. Kila mwanafunzi alete mtu wake mmoja, ampime macho yalivyokaa usoni, amtengenezee miwani imkae. Katibu akapiga simu.

"Siku hiyo nina zamu," Profesa akasema. "Asubuhi mpaka saa nane."

"Mtihani ni saa nne."

"Basi."

"Basi, mwanangu."

Siku yenyewe karakana ilijaa mama, wachumba na wadogo wa watu. Kigoda cha mbele ya Katibu kilikaa kitupu mpaka mkufunzi alipokwenda getini akamwazima mlinzi. Mlinzi alitekenywa na rula, hakuacha kucheka, akawachekesha wote. Katibu alimpima hivyo hivyo anavyotikisika. Alipata alama ya pili kwa ukubwa.

Saa kumi na moja wenzake walishaondoka. Alikuwa anafagia unga wa lenzi chini ya mashine alipoona viatu mlangoni. Profesa alikuwa na sare ya kiwanda, nywele amezifunga kitambaa, na harufu ya sabuni ilifika kabla yake.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Mtihani umekwisha."

"Najua. Sikuja kwa ajili ya mtihani." Akatoa karatasi mfukoni. "Wametangaza mzunguko wa pili. Kuna ufundi wa maabara. Wanataka mkuu wa kaya yangu ya zamani aandike kwamba mimi siishi tena kwake. Kwamba nina kaya yangu."

Katibu akaegemeza ufagio ukutani. Akafuta mikono kwenye aproni, akakaa mezani, akaandika. Aliandika kama alivyoandikia wengine maisha yake yote: tarehe juu kulia, yahusu, mstari chini yake. Kwamba mtajwa hapo juu alihama nyumbani kwangu na hayumo tena katika kaya yangu. Akasoma tena, akaongeza mkato mahali, akatia saini.

"Hakuna kosa," akasema, akampa.

"Ahsante." Profesa akaikunja. Akageuka kutazama mashine, vigoda, fremu tupu zilizoning'inia ukutani. Hakuondoka.

"Kaa nikupime," Katibu akasema.

"Si umeshafaulu?"

"Kaa tu."

Akakaa. Katibu akavuta kigoda chake mpaka magoti yao yakakaribia kugusana, akainua rula, akailaza juu ya pua ya bintiye, akafumba jicho lake la kulia.

"Tazama jicho langu hili lililo wazi. Usitazame mdomo. Jicho."

Profesa akatazama. Mboni zikasimama, halafu zikateleza pembeni.

"Umehama."

"Nimejaribu."

"Tena."

Mara ya pili zikateleza tena. Mara ya tatu zikatulia, na mama na mwana wakatazamana kwa karibu, jicho kwa jicho, kwa mara ya kwanza tangu lile dirisha namba tatu.

"Bado nina hasira, Mama."

"Najua. Usitikisike."

"Niliona orodha. Siku ile."

Katibu akaisawazisha rula. "Nilijua utaiona."

"Unajisikia vibaya?"

"Kila siku."

"Basi ungeniachia."

"Hapana," Katibu akasema kwa upole. "Nisingekuachia."

Macho ya bintiye yakajaa maji. Katibu hakuiondoa rula. Alisubiri, maana maji yanapotosha kipimo, mpaka Profesa akapepesa na yakashuka yenyewe. Kisha akasoma.

"Sitini na moja."

"Ndiyo nini hiyo?"

"Nafasi iliyopo kati ya macho yako."

"Ni nyingi?"

"Inakutosha."

Aliiandika kwenye daftari, na mbele yake jina kamili la bintiye, lile la cheti cha kuzaliwa, ambalo hakuna mtu mtaani aliyelitumia. Profesa akasimama, akapapasa mfuko kuhakikisha barua ipo.

"Nakwenda, Mama. Usafiri wa mwisho ni saa kumi na mbili."

"Haya, mwanangu. Nenda salama."

Alisikiliza hatua zake zikipita ukumbini, mlinzi akimtania kitu, geti likifungwa. Halafu akachukua ufagio akamalizia karakana yote, mpaka upande ule ambao haukuwa zamu yake.